Ile nguzo ya sola, nimeipigia hesabu kwa mkono

Kaka mambo,

Meseji yako niliiona juzi usiku nikasema huyu nikimjibu kifupi tutagombana bure, acha nikuandikie ndefu. Unasema ile kasi ya nguzo kuyumba yenyewe ikisukumwa (Hz, mara ngapi kwa sekunde) programu imekupa 3.05 Hz, mkono wako umekupa 0.97, basi umeshaanza kuitukana programu. Mi nikagawanya hizo namba mbili nikapata 3.14, nikacheka, nikadhani umesahau pai mahali. Nikakaa nikaangalia tena karatasi yako uliyopiga picha, kumbe sio pai. Ni kipeuo cha pili cha 9.81, yani 3.13, zimekaribiana tu kwa sababu umekata desimali. Umeweka uzito sehemu ya masi! Pale kwenye m umeandika 146, hizo ni nyutoni kwa mita bwana, inatakiwa kilo kwa mita.

Usijisikie vibaya, mi mwenyewe hilo kosa limeshanilaza macho, tena siku moja kabla ya kukabidhi kazi.

Haya twende. Skwea paipu yako ni 100 kwa 100, unene mili 5, urefu mita 6, chini imefungwa juu iko huru. I, yani umbo la paipu linavyokataa kupinda, ni 100⁴ toa 90⁴ gawa kwa 12, inakuja mili⁴ milioni 2.87. Zidisha na E, yani ugumu wa chuma chenyewe, 200 GPa, unapata EI kama 573,000 N·m². Chuma chenyewe ukikata ni sentimita za mraba 19, mara 7,850, kilo za chuma kwa mita ya ujazo, ndo m yako, kilo 14.9 kwa mita. Sasa f = (3.52/2π) × √(EI/mL⁴), L ni ule urefu, L⁴ ni 1,296, kipeuo chote kinatoka 5.45, mara 0.56, haya 3.05 hiyo hapo. Hiyo ni ya kuyumba kwa kwanza, nguzo nzima upande mmoja. Ukitaka ya pili, nguzo ikijipinda kama S, toa 3.52 weka 22.03 utapata 19.1, ya tatu weka 61.7 utapata 53.5. Dakika kumi na kalkuleta ya simu.

Ila kaka hiyo ni nguzo tupu, na wewe juu umepandisha paneli na fremu yake kilo 80. Hapo ile fomula weka pembeni, chukua ugumu wa ncha, yani nguvu ya kuisogeza juu mita moja, 3EI/L³, ni 7,960 N/m, alafu masi ni zile 80 ukijumlisha na sehemu ya nguzo yenyewe, sio yote, 33/140 tu ya kilo 89, kama 21. Kipeuo cha 7,960 kwa 101 ni 8.9, gawa kwa 2π, 1.41 Hz. Umeona ilivyoshuka, chini ya nusu. Na ile ya pili nayo inashuka mpaka kama 14, kwa hiyo ile jenereta yako ya raundi 1,500, ambayo ni 25 Hz, haitakusumbua kwa kugongana na kasi ya nguzo, maana inayofuata, ya tatu, iko juu huko ya 40 na kitu.

Sasa ndo kilichonifanya nichukue kalamu. Siku ile nilipopita saiti si unakumbuka nilimwambia fundi avute kamba aachie, mi nikashika simu nahesabu? Mara 20 kwenda na kurudi, sekunde 15 na nusu. Hiyo ni 1.29, sio 1.41. Ugumu unakwenda na skwea ya Hz, kwa hiyo ukizipiga skwea ni kama ugumu umepungua asilimia 16, na uzito wa paneli kukandamiza nguzo unachangia asilimia mbili tu hapo. Hesabu yetu imechukulia chini pamegandishwa kabisa, na mi nilivyoinama pale niliona lile bamba la chini limeachana na zege upande wa mlangoni, karatasi inapita, na bolti moja haina hata washa.

Wajaze grauti, ule uji wa saruji, chini ya bamba, wakaze bolti zote nne, alafu vuta tena kamba unitumie sekunde. Shemeji msalimie.