Hoja za ukaguzi zimfuate aliyeidhinisha malipo

Mhariri,

Kila tunapojadili namna ya kumbana mwenye madaraka, mazungumzo huishia kwenye uchaguzi na ukomo wa urais. Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali hukumbukwa siku ripoti yake inapotoka, basi. Lakini kama ana meno au hana, hilo huamuliwa mapema, katika vifungu ambavyo wengi huviruka.

Anayetegemea kuteuliwa tena na mtu anayemkagua ataandika kwa kupima maneno. Ndiyo maana Kenya humpa miaka 8, Uingereza 10, Marekani 15, na hakuna anayeongezewa. Bajeti yake nayo ipitishwe na Bunge moja kwa moja: wizara ya fedha ikiwa ndiyo inayomgawia, haina haja ya kumfukuza. Itachelewesha mgawo tu, na wakaguzi hawatafika kwenye miradi.

Ripoti nayo isikwamie njiani. Katiba ya Tanzania, ibara ya 143, inasema Rais asipochukua hatua za kuiwasilisha bungeni, Mkaguzi ataipeleka mwenyewe kwa Spika. Kifungu kifupi, kazi kubwa.

Panapovuja zaidi ni baada ya hapo. Kamati ya Bunge ya hesabu za serikali humwita afisa masuuli, yaani mtendaji mkuu anayewajibika kwa matumizi ya fedha za taasisi yake, naye hujibu kuwa hoja, yaani dosari iliyoibuliwa na wakaguzi, aliikuta, mtangulizi wake amehamishwa. Au huandika "hatua zimechukuliwa" na hoja ikafungwa, bila hata stakabadhi ya benki kuonyesha fedha zimerudi. Hoja ifungwe kwa ushahidi tu, na imfuate aliyeidhinisha malipo popote alipohamia. Afrika Kusini ilirekebisha sheria yake mwaka 2018: maagizo ya Mkaguzi Mkuu yakipuuzwa, hatimaye anaweza kumdai afisa masuuli, yeye binafsi, hasara iliyotokea.

Hatari yake ni kwamba mtendaji atabebeshwa deni la amri aliyopewa na waziri kwa simu. Uingereza wana dawa ya hilo. Katibu mkuu wa wizara akiona malipo hayafai, humtaka waziri aagize kwa maandishi, na nakala huenda kwa Mkaguzi Mkuu. Akishaagizwa hivyo hutekeleza, na wa kujibu ni waziri. Waziri akikataa kusaini, malipo hayafanyiki.