Barua kwa mwanangu Ambakisye, kabla hujatimiza miaka 18

Uyole, Mbeya

Mwanangu Ambakisye,

Barua hii ni ndefu kuliko yale makaratasi ninayokubandikia mlangoni kila asubuhi, kwa hiyo nimemwomba dada yako Tumpe akusomee kipande kimoja kimoja, kwa siku nyingi kadiri utakavyopenda. Mwezi wa saba utatimiza miaka 18. Tangu mwaka jana nimekuwa nikizunguka maofisini kutafuta ni nani atakayekuhudumia ukiwa mtu mzima, na katika mzunguko huo nilikosea jambo moja kubwa, ambalo nitalieleza hapo chini.

Ulipokuwa mdogo njia ilijulikana. Daktari alitamka neno usonji, yaani ubongo wako hupokea mambo kwa namna tofauti na wengi, tukalia, kisha tukaelekezwa kwenye shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu, na huko ukampata mwalimu aliyesomea kazi hiyo kwenye chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha, akakufundisha kufunga vifungo, kuandika jina lako na kuhesabu hadi kumi bila kurukaruka. Njia hiyo iliishia kwenye geti la shule. Siku ulipomaliza, mwalimu alinikabidhi jalada lako, akanishika mkono, wala hakuwepo wa kuniambia kesho yake twende wapi. Watoto wa jirani walipoanza kidato cha kwanza, wewe ulivaa sare yako ya zamani na kukaa kibarazani kwa wiki mbili ukisubiri kengele, nami, mwalimu wa miaka mingi, sikuwa na jibu la kukupa.

Ndipo nilipoanza kuuliza. Niliambiwa kuhusu vyuo vya serikali vya mafunzo ya ufundi kwa watu wenye ulemavu: Yombo kule Dar es Salaam, Luanzari Tabora, Sabasaba Singida, Mtapika Masasi. Ni vyuo vya kweli na vina faida yake, lakini vyote nilivyotajiwa viko mbali nasi, na wewe hujawahi kulala usiku mmoja mahali ambapo husikii mama yako akikohoa chumba cha pili. Nikajaribu chuo kimoja cha ufundi kilicho karibu, ambacho sitakitaja. Aliyenipokea alisoma jalada kwa dakika tatu, akasema hawana mwalimu wa watu wa namna hiyo, akanirudishia. Nilifika nyumbani nikiwa nimefura kwa hasira, nikamsimulia mama yako. Yeye akaniuliza swali moja tu: "Na mwenyewe ulikuwa naye?"

Sikuwa nawe. Nilikuwa nimebeba karatasi.

Safari ya Iringa ndiyo ya kwanza niliyokwenda pamoja nawe, na bado unaikumbuka kwa sababu ya tembo waliochorwa kwenye kadi. Neema Crafts, karakana ya kazi za mikono tuliyoifuata huko, ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, na wengi wanaofanya kazi pale ni viziwi au watu wenye ulemavu wa viungo. Nilijua kwamba si mahali palipotengenezwa kwa ajili ya mtu wa hali yako. Hata hivyo ulisimama mbele ya mfumaji mmoja kwa muda mrefu sana, ukiutazama mkono wake ukienda na kurudi, bila kuziba masikio hata mara moja, na mimi nikaelewa kitu ambacho jalada lako halikuwahi kuniambia, kwamba kazi inayojirudia, ambayo kwa watu wengine ni adhabu, kwako ni mapumziko.

Kwa sababu hiyo, tuliporudi sikwenda tena ofisini, bali kwa mzee mwenye kitalu cha miche ya parachichi. Unajua mwenyewe kilichofuata. Siku ya kwanza ulijaza viriba vinne, ile mifuko ya kuoteshea miche, ukaondoka. Siku ya tatu mzee alikuwekea kopo la kokoto, akakuonyesha kwamba kila viriba kumi ni kokoto moja kutoka kopo hili kwenda lile, na tangu hapo hakuna kijana wake anayejaza viriba vilivyolingana kama vyako: udongo wa msituni, samadi na mchanga, vimeshindiliwa kiasi, havina tumbo wala havijalegea. Mzee hakusomea elimu maalumu. Alikutazama tu kwa siku tatu, jambo ambalo wenye vyeti hawakupata nafasi ya kulifanya. (Kisu cha kubebeshea miche, yaani kuunganisha mche mmoja na mwingine, hajakupa bado, nami sina haraka nacho.) Anakulipa kwa idadi ya viriba, kama anavyowalipa wengine, na nilimwomba akupe fedha mkononi mwako, si mwangu.

Zipo pia haki ambazo lazima uzijue, ingawa nyingine bado ni za kwenye karatasi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu; mzee wetu ana vibarua sita, hivyo sheria haimgusi, na waajiri wakubwa niliowafuata walidhani ninazungumzia vijana wanaotumia baiskeli ya magurudumu matatu. Ulemavu usioonekana kwa macho unadai maelezo mengi. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Baba yako mdogo alikuja kwa furaha akitaka jina lako liingizwe kwenye kikundi chake. Nilimkatalia, naye akanuna hadi Pasaka. Mkopo usio na riba bado ni deni, na deni lenye jina lako litakuwa lako hata kama fedha zimenunua bajaji ya mtu mwingine. Mtu yeyote akikuletea karatasi ya kusaini, mpelekee Tumpe kwanza.

Kitambulisho cha taifa hatutakichelewesha, kwa kuwa bila namba ya NIDA huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na hata kufungua akaunti ya benki huwa shida. Watakupiga picha na kuchukua alama za vidole. Nimeshakwenda kuomba tuhudumiwe mapema kabla foleni haijajaa. Bima inanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu umekuwa ukitibiwa kama mtegemezi wangu, utegemezi wa mtoto una ukomo wa umri, na mimi nitastaafu nikifika miaka 60, ambayo haiko mbali.

Mwezi uliopita, hospitali, mhudumu aliniuliza mimi: "Anaumwa wapi huyu?" Nilifungua mdomo kujibu kama nilivyozoea. Safari hii nilijizuia. Kimya kilikuwa kirefu hata watu wa kwenye benchi wakageuka, kisha ukasema, "Jino. La nyuma." Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 12 inasema mtu mwenye ulemavu ana hadhi ya kisheria sawa na wengine, na asaidiwe pale anapohitaji msaada ili aitumie. Nimeisoma mara nyingi, lakini nimeielewa pale kwenye benchi. Kazi yangu ni kusubiri kwanza.

Jumanne tutakwenda kwa afisa ustawi wa jamii, kisha kwa mtendaji kuuliza kuhusu kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa wetu. Utabeba wewe lile daftari la bluu, ambamo Tumpe ameandika kama ulivyomtajia: dawa zako, kelele usizozipenda, watu unaowaamini, na kazi unayoifanya. Ukurasa wa mwisho ameuacha wazi, ukikumbuka jambo mwambie aliandike. Tutapanda daladala ya saa kumi na mbili na nusu, kabla soko la Mwanjelwa halijachangamka, na dirisha ni lako.

Baba yako