Nishauri, Shabani: makabati au nyumba za zamani?

Coventry, Jumapili usiku

Ndugu yangu Shabani,

Assalaam alaykum. Salamu nyingi kwako, kwa shemeji, watoto na wote wa Ngamiani. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatuonea. Mwanaidi anakusalimu, ila anakusalimu huku amenuna, maana ameshakuhesabu upande wangu kabla hata hujaulizwa swali. Swali lenyewe ndilo hili, na sikutaka kuliuliza kwa simu kwa sababu kwenye simu wewe kazi yako ni kucheka.

Nimeitiwa kazi nyingine. Kuna mzee mmoja wa Kiingereza, fundi wa fremu za mwaloni, anatengeneza nyumba za zamani za vijijini huku Warwickshire. Tulikutana kwenye nyumba moja, mimi nafunga makabati ya jikoni, yeye yuko juu anabadilisha mti uliooza. Akaniona nanoa patasi kwa jiwe, akashuka ngazi. Akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia Fundi Bakari wa Tanga, kana kwamba anamjua! Basi anataka msaidizi, na malipo ni madogo kuliko ninayopata sasa. Hapo ndipo Mwanaidi aliponuna.

Lakini Shabani, wewe unajua ninachokifanya hapa. Natajwa seremala, na randa yangu haijatoka kwenye sanduku tangu nihamie mji huu. Yanakuja makatoni, ndani kuna mbao za unga zilizoshindiliwa kwa gundi, nafunga skrubu, naondoka. Likimwagikiwa maji kabati linavimba kama andazi, nao wanataka niseme ni kosa la mteja. Msimamizi anapima kazi kwa saa ya mkononi. Nikikawia kusawazisha mlango naambiwa mlango hauangaliwi. Mlango hauangaliwi! Fundi Bakari angesikia neno hilo angetupiga wote kwa pimamaji.

Mzee akaniambia, kabla hujanijibu nenda Shottery, ukaitazame nyumba ya akina Hathaway, na ukifika inua kichwa, usishughulike na vitanda. Nikaenda na Mwanaidi na Aisha. Shottery ni kijiji kilicho kiasi cha maili moja nje ya Stratford-upon-Avon, na nyumba yenyewe ni ya ukoo wa mke wa Shakespeare. Ndiyo, huyo huyo ambaye Mwalimu Nyerere alimleta kwa Kiswahili, ukaigiza wewe yule mkopeshaji anayedai nyama ya mwenzake, ukasahau maneno, ukaanza kutunga yako. Bi Anne aliolewa Novemba 1582, yeye ana miaka 26 na bwana harusi 18, na mtoto akabatizwa Mei iliyofuata. Mwanaidi alipopiga hesabu alicheka siku nzima. Hayo tuyaache, mimi nilikwenda kwa ajili ya miti.

Kwanza ondoa picha ya kijumba. Wanaiita kijumba kwenye kadi za posta, lakini ilikuwa nyumba ya mkulima mwenye kondoo na shamba la zaidi ya eka 90. Kwa nje ni ndefu, imekaa kwenye mteremko, msingi wa mawe, kuta za fremu ya mwaloni, na paa la majani linaloshuka mpaka karibu ya madirisha ya juu, likayazunguka kama nyusi. Sehemu ya zamani kabisa ni ya mwaka 1463, na wakati huo ilikuwa na vyumba vitatu tu. Upande wa juu wa mteremko umeongezwa karne moja na nusu baadaye. Ukitazama kwa jicho la fundi unaona mahali mkono mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanzia, hata kimo cha paa hakilingani.

Sasa ndani, hapo ndipo penye mambo. Ile sehemu ya kwanza imebebwa na miti miwili miwili iliyopinda. Wanatafuta mwaloni ambao Mungu mwenyewe ameupinda, wanaupasua katikati kwa urefu, kisha vile vipande viwili wanavisimamisha vitazamane, vimeanzia chini karibu na ardhi na kukutana juu kabisa chini ya mwamba wa paa. Mtambaapanya unavifunga katikati. Kwa hiyo ukuta haubebi paa, ukuta ni pazia tu. Nilisimama pale nikawakumbuka wale mafundi wa majahazi wa Pangani wakizunguka porini kutafuta matawi ya mataruma, zile mbavu za chombo, wanaupita mti ulionyooka na kuchukua kilema. Aisha ananivuta shati, baba twende, watu wanakutazama.

Na kuta zenyewe, Shabani, ni kiambaza! Kati ya miti ya fremu wamesuka vijiti, kisha wamekandika udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, juu wakapaka chokaa. Baadhi ya sehemu zilibadilishwa baadaye zikawekwa matofali. Watu wanatoka Japani na Marekani, wanalipa kiingilio, wanapiga picha ya kiambaza. Nilimtumia kaka yako picha, akanijibu, kumbe marehemu bibi alikuwa tajiri.

Mwanzoni haikuwa na dohani. Moto ulikuwa katikati ya sebule, na sebule ilikuwa wazi mpaka juu kwenye majani, moshi unajitafutia njia. Baadaye, katika karne ya 16, wakajenga meko yenye dohani, na moshi ulipopata mlango wake ndipo walipoweza kuweka sakafu katikati ya ile sebule na kupata vyumba vya juu. Kwa hiyo ukipanda ghorofani leo, ile miti iliyopinda unaikuta imetokeza kwenye vyumba vya kulala, unapita huku umeinama. Waliobuni fremu hawakufikiri kabisa kwamba mtu atalala pale. Jikoni bado kuna tanuri la mkate kando ya meko. Na juu kwenye dohani mmoja wa akina Hathaway aliyeifanyia matengenezo aliacha herufi zake na mwaka, 1697. Nikasema, huyu naye alitaka fundi mwenzake ajue.

Babu yake Anne aliishi pale kama mpangaji, baba yake Richard vilevile. Richard alikufa 1581 na wosia wake upo. Bi Anne aliachiwa pauni 6, shilingi 13 na peni 4 za siku ya harusi. Lakini sikiliza hili. Ameagiza mbao za kufunika ukuta wa sebule, pamoja na vitanda viwili vilivyoungwa na seremala, visiondolewe mahali pake maadamu mkewe Joan yu hai au hajaolewa tena. Unaelewa maana yake? Mbao za ukutani zilihesabika mali ya kubebeka, warithi wangeweza kuzibandua wakaenda nazo! Mtu anakaribia kufa na bado anazifikiria mbao. Shakespeare naye 1616 alimwachia huyu Anne kitanda chake cha pili kwa ubora, na wasomi hawajaacha kubishana hadi leo kama ilikuwa tusi au mapenzi. Mimi ningeuliza kwanza nani alikiunga.

Nimepotea. Nilikuwa nakwambia ndugu yake Anne, Bartholomew, ndiye aliyeinunua nyumba ikawa yao kabisa, 1610, na ndiye anayehesabiwa kuongeza ule upande wa juu. Ukoo ukakaa, na hata mali ilipowatoka wakabaki kama wapangaji. Mwaka 1892 ikanunuliwa na amana inayotunza nyumba za Shakespeare, kwa pauni 3,000, na bibi mmoja wa ukoo, Mary Baker, akaendelea kuwakaribisha wageni mpaka alipofariki 1899. Halafu 1969 paa likashika moto. Sehemu kubwa ya majani ikaenda, wakarudisha. Kwa hiyo ukiniuliza nyumba ile ina umri gani, nitakuuliza kwanza, sehemu ipi? Majani yanabadilishwa, udongo unakandikwa upya, mti ukioza mguu unakatwa ile sehemu mbovu tu na kuungwa kipande kipya cha mwaloni. Hiyo ndiyo kazi anayoifanya yule mzee. Anakata pale penye ubovu, shibri moja, anaunga, anaondoka. Alinionyesha mti mmoja wenye viungo vya zama tatu, na cha kwake ndicho cheupe.

Halafu kuna jambo lililonikosesha usingizi. Siku nyingine mzee alinipeleka kwenye nyumba anayoitengeneza, akanipa tochi, akasema angalia kwenye kiungo. Kwenye ulimi, ile ncha iliyochongwa iingie kwenye mti mwingine, na kwenye tundu lake kumechorwa alama kwa patasi, namba za Kirumi, IIII kwa IIII, V kwa V. Kwa sababu fremu yote iliungwa kwanza chini uwanjani, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa mkokoteni, ikasimamishwa upya. Walichonga mti ukiwa mbichi, wakatoboa tundu la kigingi kwenye ulimi likiwa limekosana kidogo na lile la nje, ili kigingi kikipigwa kivute kiungo kibane, na mti ukikauka unabana zaidi. Hamna msumari. Niliweka kidole kwenye ile V. Mkato wa kulia umeteleza kidogo, kama wa mtu mwenye haraka.

Waezekaji nao ni watu wengine kabisa. Wanatumia mabua ya ngano au matete. Matete yanaweza kufika miaka 50, mabua ni chini ya hapo, na kile kilemba cha juu kinarudiwa kila miaka 10 hadi 15. Paa lazima liwe kali, kiasi cha nyuzi 50, maji yasipate nafasi ya kufikiri. Wanayashika kwa vijiti vya mhazeli vilivyosokotwa na kukunjwa. Shida yao sasa ni mabua yenyewe, kwa sababu ngano ya kisasa ni fupi na mashine za kuvunia zinayavunja, hivyo wengine wanapanda ngano za zamani zenye shingo ndefu ili wapate cha kuezekea tu. Mara nyingi hawaezui chote, wanaongeza juu ya kilichopo. Huko Devon kuna nyumba ambazo tabaka la chini bado ni jeusi kwa moshi wa zile sebule zisizo na dohani, na wataalamu wanachambua humo masuke ya ngano iliyopandwa kabla ya akina Shakespeare kuzaliwa.

Moto ndio adui. London ilikataza majani baada ya moto wa 1212. Ukumbi wa akina Shakespeare, Globe, uliungua 1613 baada ya mzinga kupigwa kwenye mchezo na cheche kuangukia paa. Huo uliojengwa upya na kufunguliwa 1997 una majani tena, ila wameweka na mabomba ya maji juu yake. Mwanaidi akasema, basi na wewe ukienda huko kwenye majani uvae bomba lako.

Unaona ninavyozunguka. Narudi kwenye kazi. Mzuri wake: nitashika mti. Mzee anasema atanifundisha kuchanganya chokaa pia, maana watu walipaka saruji kwenye nyumba hizi wakidhani wanaziimarisha, saruji ikafungia unyevu ndani na miti ikaoza kimyakimya. Nyumba nyingi zinalindwa na sheria, kubadilisha dirisha bila kibali ni kosa la jinai, kwa hiyo kazi haiishi. Mbaya wake: pesa, umbali, kupanda juu kwenye upepo wa Januari, na magoti yangu unayajua. Na mzee mwenyewe ni mzee. Akistaafu, mimi na namba zangu za Kirumi tunakwenda wapi? Halafu kuna ile ahadi niliyotoa nyumbani, ya ada ya mdogo wetu, ambayo hatujai...

Basi nijibu, na ujibu kama fundi, usijibu kama rafiki. Ungekuwa wewe ungekwenda? Ukiwa na watoto watatu kama ulionao, ungekubali mshahara upungue mwaka mzima ili ujifunze upya ukiwa na mvi? Fundi Bakari bado anapokea wageni, au macho ndiyo yamekwisha kabisa? Unaweza kumsomea hii, hasa pale penye ulimi na kigingi, umuulize kama naye alikuwa anakosanisha tundu makusudi? Nakumbuka mlango wa msikiti tulioufanya naye, sikumbuki kama tulitoboa sawa. Lile tezo langu dogo liko kwako au kwa Mbaruku? Kama liko, anakuja nani huku karibuni wa kulibeba? Na lile deni la Mbaruku limefikia wapi, au tusiulize?

Mzee anataka jibu langu mwisho wa mwezi. Jitahidi barua yako, au hata ujumbe wa sauti, unifikie kabla ya hapo. Ukituma sauti usipige kelele kuniunga mkono, Mwanaidi atakuwa anasikia.

Ndugu yako,
Hamisi