Kabla mama hajalipa kianzio

Rehema mpenzi,

Salamu kutoka Moshi. Watoto wazima, mvua zimeanza, mlima hauonekani. Huo ukimya wako tangu harusi ya Mage tutauongea siku nyingine, leo nina shida.

Mama anataka kupandikizwa jino la mbele. Tangu ling'oke, akicheka anaziba mdomo na kanga, na kwaya ameacha. Namwelewa kabisa. Ila ana kisukari, na ninachoogopa ni ufizi.

Mfupa haunitishi sana. Tangu Brånemark, yule Mswidi, ampandikize mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, inajulikana kwamba mfupa hushikana na titaniamu, chuma cha ile skrubu inayokuwa mzizi wa jino la kupandikiza. Ufizi haushiki hivyo. Kwenye jino la asili nyuzi zake zimezama kwenye mzizi, lakini kwenye la kupandikiza zinapita tu kandokando ya chuma. Bakteria wakipata upenyo hapo wanateremka hadi kwenye mfupa, usaha unaanza, skrubu inalegea.

Kwa hiyo nafurahi kwamba kuna wanaoshughulikia kipande kile kinachopita katikati ya ufizi. Wengine wanakipaka titaniamu naitraidi, ile yenye rangi ya dhahabu. Wengine wanajaribu kolajeni, au laminini, protini ambayo mwili wenyewe hutumia kuushikiza ufizi kwenye jino, ingawa hiyo bado ni kazi ya maabara zaidi. Tena mfupa unataka chuma chenye mikwaruzo, ila hapo kwenye ufizi panatakiwa pawe laini, uchafu usinate.

Sasa kliniki aliyokwenda wamemwambia tu "hii ya kisasa, mama, haina shida". Sukari hawakumpima! Rehema, hilo limeniuma. Hata kipakwe nini, kidonda cha mtu ambaye sukari yake inapanda kitachelewa kupona.

Wewe uliyesomea haya Muhimbili, niambie: hicho cha rangi ya dhahabu kinapatikana huko Dar? Kinasaidia kweli, au nimwombe daktari cha zirkonia, ile kauri nyeupe? Asubiri kwanza kipimo cha sukari cha miezi mitatu? Baada ya kupandikizwa apigeje mswaki pale? Wanaorudi kwako na usaha, huwa imekuwaje? Na Baba Junior, karudi Tanga?

Nijibu kabla ya Ijumaa. Ndiyo siku anayopeleka kianzio, na akishalipa hasikii la mtu, unamjua.

Wako,
Anna