Kipepeo wa njano si mmoja

Mhariri,

Picha tatu mlizochapisha na makala ya wadudu wa malisho zimepewa maelezo yaleyale: "kipepeo wa njano". Hao ni wa jenasi tatu. Wote ni wa familia ya Pieridae, lakini mmoja tu ndiye anayemhusu mwenye shamba la lusini, yale majani ya kulishia ng'ombe.

Yule mdogo wa njano ya limau, arukaye chinichini kando ya njia, ni Eurema. Spishi zake ni kadhaa, na kuzitenganisha kwa picha ni kazi. Hata Eurema hecabe peke yake hubadilika, wa kiangazi akiwa na ukingo mweusi uliopungua na madoa ya kahawia upande wa chini. Yule mkubwa ni Catopsilia florella, ambaye viwavi wake hula majani ya jamii ya mwingajini.

Wa tatu, na ndiye wa kwenye lusini, ni Colias electo, wa nyanda za juu. Akiruka ni rangi ya chungwa yenye ukingo mpana mweusi. Akitua tu hufunga mabawa, na chungwa lote hupotea. Ndiyo maana picha zake nyingi huonyesha njano tupu. Usimpige picha kutoka juu. Inama usawa wake, jua likiwa nyuma yake, na ukingo utaonekana kupitia bawa: ukiwa na madoa mepesi ndani yake ni jike, ukiwa mweusi mtupu ni dume. Kisha tazama bawa la nyuma, katikati: kuna doa la fedha lililozungukwa na wekundu. Baadhi ya majike ni weupeweupe, na watu huwadhania aina nyingine, ila doa na ukingo huo wanavyo.

Jike hutaga yai mojamoja kwenye lusini na klova, mmea mwingine wa malisho. Kiwavi ni wa kijani mwenye mstari mwepesi ubavuni, kwa hiyo ukisimama wima humwoni. Chuchumaa upekue majani ya juu. Makala yenu inashauri kupuliza dawa. Viwavi wakiwa wengi na lusini imekaribia kuchanua, kata mapema kwanza: viwavi wadogo watakosa chakula. Dawa huua pia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi, na kizazi cha vipepeo kinachofuata hukuta shamba halina mlinzi. Tena lusini iliyopuliziwa leo si ya kumpa ng'ombe kesho. Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye chupa.

Wasomaji wenu,
Limuru