Mnasahihisha mtihani wa NFL kabla haujafanywa

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo umetoa tena alama za drafti, yaani uchaguzi wa wachezaji wapya, ya NFL, ligi ya soka la Kimarekani: timu hii A, ile C, na moja masikini ya Mungu imepewa F kabla vijana wake hawajavaa hata jezi ya mazoezi. Naishi Ohio, jirani na Cleveland, ambako drafti ni sikukuu kwa sababu msimu wenyewe mara nyingi hauna cha kusherehekea. Jedwali lile lilinichekesha, kisha likanikera.

Kwa wenzangu waliozoea usajili wa Simba na Yanga: huku klabu haimnunui kijana anayetoka chuoni. Timu 32 zinachagua kwa zamu katika raundi 7, iliyofanya vibaya zaidi ikitangulia. Zamu yenyewe ni mali, inauzwa na kubadilishwa. Kwa hiyo kuuliza wamempata nani hakutoshi. Uliza pia wametoa nini. Watafiti Cade Massey na Richard Thaler walishaonyesha kwamba timu hulipia mno haki ya kuchagua mapema.

Chukua timu ya San Francisco 49ers. Mwaka 2021 walipanda kutoka nafasi ya 12 hadi ya 3 kwa kuipa Miami zamu zao za raundi ya kwanza za miaka mitatu, na nyongeza juu. Wakamchukua Trey Lance, kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi. Akaanza mechi 4 tu, na 2023 akapelekwa Dallas kwa zamu moja ya raundi ya nne. Lakini 2022 watu walewale, meneja mkuu John Lynch na kocha Kyle Shanahan, walimchukua Brock Purdy akiwa wa 262, wa mwisho kabisa, na Februari 2024 Purdy, naye kwotabeki, akawaongoza kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Haya, wapeni alama. Walikuwa wajinga 2021, wakaerevuka ndani ya miezi kumi na miwili?

Tena kabla ya Purdy waliita majina 8 mengine. Wangejua walichonacho, wasingesubiri.

Ni hivyo hivyo kwa kwotabeki Tom Brady, ambaye kila mchambuzi humtaja kama ushahidi wa jicho la New England Patriots. Mwaka 2000 alikuwa wa 199, na Patriots walikuwa wamekwisha kuchagua wengine 6. Jicho gani hilo linaloona mara ya saba? Sifa wanayostahili ni nyingine: mwaka ule walibaki na makwotabeki wanne kikosini, jambo lisilo la kawaida, ili kijana asiachwe. (Na zamu ya raundi ya kwanza hawakuwa nayo; waliitoa kwa New York Jets kama malipo ya kumpata kocha Bill Belichick. Hiyo mngeipa alama gani?)

Seattle nao, 2012, baadhi ya wachambuzi waliwapa F. Katika drafti hiyo walikuwamo Bobby Wagner na Russell Wilson, na Februari 2014 timu ikaitandika Denver 43–8 ikatwaa ubingwa.

Mkataba wa kwanza wa mchezaji aliyedraftiwa ni wa miaka minne. Ukiisha, lazima mtu aamue kama atamlipa tena, na hapo maneno huisha, pesa ndizo zinazosema. Ndiyo sababu drafti ya 2021 ya 49ers si F, pamoja na balaa la Lance. Deommodore Lenoir, wa raundi ya tano, aliongezewa mkataba hukohuko 49ers. Talanoa Hufanga, wa raundi hiyo hiyo, na Aaron Banks wa raundi ya pili waliondoka 2025 kwenda Denver na Green Bay. Wengine watasema hao walipotea. Mimi nasema timu nyingine ikikubali kumlipa mtu uliyemwona wewe, jicho lako lilikuwa zuri, mfuko ndio uliokuwa mfupi.

Basi mwakani wiki ya drafti ikifika, tuchapishieni alama za drafti ya miaka minne nyuma, na pembeni yake mziweke zile mlizotoa wiki ileile ilipofanyika.

Msomaji wenu,
Ohio, Marekani