Barua kwa Shangazi: Mji Ninaoishi Unaitwa Louisville

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mara ya mwisho tulipoongea uliniuliza swali ambalo nililijibu kwa haraka, kisha likaninyima raha siku nzima. Uliuliza kama huu ninaoishi ni mji kweli, kwa kuwa hujawahi kuusikia ukitajwa kwenye taarifa ya habari, wala watoto wa jirani waliosoma hawaujui. Nikakujibu, "Ni mji wa kawaida tu, Shangazi," nikakuaga, maana nilikuwa nachelewa kumpokea mtoto kwenye basi la shule. Swali lako lilistahili jibu refu kuliko hilo. Ninaliandika hapa hadharani kwa sababu wapo wengi wenye ndugu katika miji ya Marekani ya namna hii, nao wanajiuliza ndugu zao wanaishije.

Louisville uko katika jimbo la Kentucky, kando ya mto Ohio. Ukivuka daraja umeingia jimbo la Indiana. Tangu mji ulipounganishwa na wilaya yake mwaka 2003, unahesabiwa kuwa na watu zaidi ya 600,000. Ukijumlisha Nyamagana na Ilemela, Mwanza yenu ina watu wengi zaidi. Tofauti ni kwamba huku watu wametawanyika: kila nyumba ina uwanja wake wa majani mbele na nyuma, na mtaa mmoja wenye familia ishirini unaweza kukaa kimya mchana kutwa hata ukadhani umehamwa. Katikati ya mji yapo maghorofa, lakini ofisi zikifungwa jioni watu huondoka na barabara zikabaki tupu. Mimi niliyekulia Kirumba, ambako hata saa sita usiku utasikia mtu akicheka mahali fulani, kimya hicho ndicho kilichonishinda mwanzoni, kuliko hata baridi.

Watu wa hapa wakikuelekeza mahali, hawakuambii ni kilometa ngapi, wanakuambia ni dakika ngapi kwa gari. Dukani ni dakika kumi, kazini ni dakika ishirini, na hesabu hiyo haimjui mtu asiye na gari. Miezi yangu ya kwanza nilitembea kwa mguu kutoka dukani nikiwa nimebeba mfuko wa unga begani, kwenye barabara pana isiyo na njia ya waenda kwa miguu, nikikanyaga majani yenye umande huku magari yakinipita kwa kasi. Hakuna aliyenitukana wala kunifukuza, lakini niliona wazi kwamba waliojenga barabara ile hawakumfikiria mtu atakayetembea. Bodaboda hakuna, daladala hakuna, na mabasi ya umma yapo ila hayafiki kila mahali, wala si kwa saa zote. Nilipokuambia kwamba nimekopa kununua gari kabla sijanunua kitanda cha maana, ulinyamaza kidogo, nami nikajua umeona nimeanza anasa. Shangazi, gari huku lilikuwa miguu yangu.

Aliyenifundisha kuendesha ni mzee mmoja kutoka Fizi, Kongo, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa hapa na familia yake. Kila Jumapili baada ya ibada alinipeleka kwenye maegesho ya kanisa yaliyokwisha kubaki wazi, akaniketisha kwenye usukani wa gari lake mwenyewe, na hakuwahi kupokea hata senti. Kutokana naye nimejua kwamba Kiswahili kina makao hapa. Upande wa kusini wa mji, ambako kodi za nyumba zilikuwa nafuu na wakimbizi wengi wakapangishwa, utasikia lugha yetu dukani na kwenye ngazi za majumba ya kupanga. Ni Kiswahili cha mashariki ya Kongo; wanasema "aksanti", na kisamvu wanakiita sombe. Mwanzoni nilikuwa na kiburi cha Mtanzania anayedhani lugha ni yake. Kiburi hicho kimeondoka kabisa, kwa sababu mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili, wanawake walioleta uji na kumwogesha mtoto walikuwa hao.

Sasa nije kwenye jambo linalokuumiza, la mimi kutopokea simu zako. Uwanja wa ndege wa hapa ndio kitovu kikuu cha usafirishaji wa vifurushi cha kampuni ya UPS. Usiku, watu wa Marekani wanapolala, ndege hushuka moja baada ya nyingine zikiwa na mizigo kutoka pande zote za dunia. Mizigo inapakuliwa, inapita kwenye mikanda mirefu ya kuichambua, inapakiwa tena, na kabla ya mapambazuko ndege zimekwisha kuruka. Mitambo hiyo ina uwezo wa kuchambua vifurushi zaidi ya 400,000 kwa saa moja. Maelfu ya watu wa mji huu huishi kwa kazi hiyo ya usiku, mimi nikiwa mmoja wao. Vijana wengi huifanya kwa sababu upo mpango ulioanza mwaka 1998 ambao huwalipia ada ya chuo wafanyakazi wa usiku, na huwa nawaona wakati wa mapumziko wakiwa na daftari magotini. Naingia saa tano usiku na kutoka saa kumi alfajiri. Kwa hiyo, Shangazi, unaponipigia saa nne asubuhi baada ya kutoka sokoni, huku ni saa tisa usiku, nami niko mbele ya mkanda, simu ikiwa kwenye kabati.

Mke wangu naye hufanya kazi mchana katika nyumba ya kutunza wazee. Tulipanga hivyo kwa makusudi, kwa maana malipo ya kumlea mtoto mdogo kwenye kituo yangekula karibu mshahara mzima wa mmoja wetu. Yeye anatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi nikiwa nimekwisha kurudi nyumbani. Tunapeana watoto kama watu wanaopokezana zamu, tunaulizana nani amekula na nani ana homa, kisha mlango unafungwa. Zipo wiki ambazo mazungumzo yetu marefu ni yale ya Jumamosi jioni tu. Hapo ndipo ninapokukumbuka zaidi, kwa sababu nyumbani kwetu mtoto alilelewa na yeyote aliyekuwepo uani, na wewe ulikuwepo daima.

Lipo jambo moja la mji huu ambalo najua litakufurahisha. Ulinisimulia kwamba tarehe 30 Oktoba 1974 babu alichelewa kwenda ziwani kwa sababu ya redio, Muhammad Ali alipopigana na George Foreman Kinshasa, na kwamba Foreman alipoanguka katika raundi ya nane babu alimwaga chai yote. Ali ni mtoto wa Louisville. Alizaliwa hapa mwaka 1942, akaanza ngumi akiwa na miaka kumi na miwili baada ya baiskeli yake kuibwa, na uwanja wa ndege ninakofanyia kazi sasa unaitwa kwa jina lake. Nimewapeleka watoto kwenye kaburi lake katika makaburi ya Cave Hill, nikawaeleza kwamba huyu ndiye aliyetumwa Dar es Salaam mwaka 1980 na Rais Carter kuiomba nchi yetu isusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa hata kukutana naye. Mkubwa aliniuliza kama Mwalimu hakumpenda Ali. Nikamwambia kwamba Mwalimu hakupenda ujumbe aliotumwa nao, na wanariadha wetu walikwenda Moscow, Bayi na Nyambui wakarudi na medali za fedha.

Nyumba aliyokulia Ali iko upande wa magharibi, ng'ambo ya Barabara ya Tisa. Barabara hiyo ni pana, na kila mwenyeji anajua inagawa nini: magharibi yake wanaishi zaidi watu weusi, na maduka ya vyakula ni machache mno kulinganisha na mashariki. Sheria za ubaguzi zilifutwa zamani, lakini mtu mgeni akiizunguka Louisville kwa gari saa moja tu ataona mpaka ulipo. Sitaki kukuficha hilo, kwa sababu hata mimi, kabla sijaijua historia ya hapa, niliwahi kuonywa na watu wenye nia njema nisipange upande ule, nikawasikiliza bila kuuliza kwa nini. Leo najuta kwamba sikuuliza.

Umewahi pia kuuliza kama nina majirani. Ninao. Mkono wa kulia anaishi bibi mmoja Mzungu, mjane, ambaye kwa mwaka mzima wa kwanza tulipungiana mikono tu. Kisha theluji nyingi ikaanguka, nikatoka na koleo kusafisha njia yangu, nikaendelea hadi mlangoni kwake, kama ambavyo ungenituma nifanye. Siku iliyofuata alileta keki. Sasa ana ufunguo wa nyumba yetu, na anajua kwamba asibishe hodi kabla ya saa sita mchana kwa kuwa nimelala. Watoto wanamwita Bibi. Alipoulizia maana yake machozi yalimlengalenga, maana wajukuu zake wako mbali na hufika mara moja kwa mwaka.

Dagaa ulionitumia walifika salama. Tuliwapika na nyanya, mzee wa Fizi akaja na familia yake, tukala tukiwa kumi na mmoja kwenye sebule ya watu wanne.

Nakuomba jambo moja. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa za huku zitarudishwa nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka. Tumezoea kuongea saa mbili usiku kwenu. Kuanzia siku hiyo nipigie saa tatu, nami nitakuwa nimeamka, nimekunywa chai, na nitakuwa na muda wa kukusikiliza mpaka mtoto atakaporudi.

Mwanao